Mabati ya Afande

Wasifu wa Afande uliandikwa kwa simu na kijana mmoja wa kamati ya matanga, usiku wa kuamkia safari ya Kitui. Saiba walituchapishia nakala 60, na kwenye jalada picha yake ya Namibia, bereti ya buluu imelala upande. Niliusoma ndani ya basi kabla hatujafika Athi River. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli. Aliingia jeshini 1977. Mwaka wa 1989 alikwenda Namibia na kikosi cha Umoja wa Mataifa, wakati wa uchaguzi wa Novemba uliotangulia uhuru wao. Baadaye akapelekwa Yugoslavia ya zamani, upande wa Kroatia. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi na jengo la Ufundi likaporomoka, alikuwa miongoni mwa askari waliofukua vifusi. Akastaafu akiwa sajenti, akapanga chumba Mukuru kwa Reuben, akawa soja wa usiku kwenye godauni moja upande wa Lunga Lunga. Halafu ikaja hii: "Alikuwa mzimamoto wa kujitolea na rafiki wa wote." Nukta. Yakafuata majina ya wajukuu.

Rafiki wa wote! Mimi Afande alinibomolea nyumba. Haikuwa ikiwaka. Aliibomoa mbele ya macho yangu, yeye na vijana sita, kwa nyundo na mtarimbo, na kwa miezi saba baada ya hapo tukikutana njiani nilikuwa nageuza uso.

Sijui hayo yangeandikwaje kwenye karatasi ya mazishi. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika mimi.

Ninashona nguo. Nilifika Mukuru na cherehani ya Singer ya miguu niliyorithi kwa shangazi, nikakodi chumba cha futi kumi kwa kumi, cherehani mlangoni, kitanda nyuma ya pazia. Asiyejua Mukuru afikirie hivi: mabati yanashikana na mabati mengine, misumari ya ukuta wangu inatokeza kwa jirani, na njia kati ya safu na safu ni ya watu wawili kupishana mmoja akijibana. Kaya zetu ni zaidi ya 100,000. Stima nyingi ni ile ya kuunganishwa kienyeji na vijana, sambaza, waya zimefungwafungwa kwa nailoni juu ya vichwa vyetu. Chumba kimoja kikishika moto, dakika kumi baadaye hatuulizani tena kilichoungua ni kipi. Tunauliza umefika wapi.

Afande nilimjua kwanza kama kichekesho. Kila jioni saa kumi na mbili kasoro, kabla ya kwenda zamu, alipita njia zetu na tochi ya betri tatu na daftari jeusi lenye jalada gumu. Anabisha. "Hodi. Leo mnalala wangapi?" Wageni walidhani ni sensa, au mtu wa kanjo, au jasusi wa mwenye ploti. Aliandika nani yuko, nani ana mgonjwa asiyeweza kuinuka, nani anapikia jiko la mafuta taa na nani ana gesi. Alisukuma milango kuona inafungukia upande gani. Kwangu alisukuma, akasema, "Fundi, huu geuza, ufungukie nje. Kitanda kikianguka nyuma yake hutoki." Nikamwambia sawa, Mzee, kama unavyomwambia mhubiri wa kwenye matatu.

Na kulikuwa na hili la mitungi. Mukuru, maji yakitoka baada ya kupotea siku tatu, utasikia mitungi ya lita 20 ikikimbia: mitupu, inagongana, watoto na akina mama wanakwenda mbio kuwahi foleni. Afande akisikia sauti hiyo alikuwa anatoka. Awe anakula, awe ananyoa ndevu na povu bado shavuni, anatoka mpaka njiani na kuuliza, "Mnachota nini?" Watoto walimzoea. "Maji tu, Afande!" Naye anajibu "Asante," anarudi kwenye sahani yake. Tuliambiana ni vita vimemharibu kidogo.

Kikundi chake kilikuwa na vijana 12 na akina mama wanne. Hawakuwa na sare wala mshahara. Walikuwa na firimbi, kamba, nyundo mbili za kilo nyingi, mapipa manne ya maji kwenye pembe za mtaa, na ndoo za rangi zilizojaa mchanga. Mchanga uliibwa na mafundi wa ujenzi. Maji ya pipa yalifuliwa nguo. Ndoo nazo zikaanza kutembea. Siku moja nilimwona akijaza nyingine, nikamwambia zitaibwa tena. Akasema, "Aliyeiba anajua ilikaa wapi. Siku ya moto ataileta." Niliona ni upumbavu wa mtu mzima.

Jumapili alasiri aliwafundisha uwanjani, nasi tulikaa kando kutazama kama mechi. Kijana mmoja alimwaga kikombe cha maji kwenye sufuria ya mafuta yanayowaka, kwa amri ya Afande, kwa mti mrefu, na mwali ukaruka juu kuliko yeye. Kisha Afande akawasha nyingine, akaifunika kwa mfuniko, ikafa kimya. Alieleza kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni kama maji, kwa hiyo ukinusa harufu fungua mlango na usiguse swichi, hata ya kuzima. Kwamba kwenye moshi hewa ya kuvuta iko chini, tambaa. Kwamba mtu asimwage maji popote kabla firimbi tatu fupi hazijaitikiwa, maana tatu fupi ni amri ya kukata stima, na maji yakikutana na sambaza yataua mzimaji kabla ya moto kumfikia.

Jambo jingine alilolikazania ni mawe. Mtu wa mtaani ajue ninachosema. Gari la zimamoto likifika moto umeshakula safu nzima, vijana wana uchungu, linapokelewa kwa mawe. Afande aliwaweka watu wawili kwa kazi hiyo tu: mmoja kusimama stejini na tochi kuliongoza gari, mwingine kutembea mbele yake mikono juu. "Hawa ni watoto wa watu," alisema. "Njia zenyewe bodaboda inapita kwa kukunja vioo. Mpira ukifunguliwa tangi linakwisha upesi. Mkiwapiga hayo maji machache watarudi nayo." Mjini, kituo kikuu cha zimamoto kiko Tom Mboya Street, kwenye jengo la 1907, na kila alipopita pale alisimama kidogo kutazama magari, kama mtu anayepita kanisani kwake siku ya kazi.

Sasa usiku wenyewe.

Ilikuwa Februari, kiangazi, ule upepo unaotoka upande wa reli ukivuma tangu mchana. Nilikuwa nashona sare za shule za mteja mmoja. Firimbi tatu fupi. Stima ikazimika, nikalaani, nikatafuta mshumaa. Halafu firimbi moja ndefu, na hiyo maana yake ilikuwa watu watoke. Nilipofungua mlango anga upande wa juu lilikuwa la rangi ya chungwa. Nani alianza, mpaka leo watu wanabishana: wengine jiko, wengine waya, wengine mume na mke waliokuwa wakigombana.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kikundi cha Afande hakikukimbilia maji. Walikuwa wanahesabu. Mama mmoja alisimama kwenye makutano ya njia na daftari jeusi, vijana wanampigia kelele namba za vyumba, yeye anaweka alama. Chumba fulani, watoto wawili, kufuli nje. Kijana anakwenda na mtarimbo. Wale watoto walitoka wamevaa vesti. Nimewahi kuona watu wakiiba sufuria kwenye moto, wakilia kwenye moto, wakirekodi kwa simu, lakini mtu akihesabu sikuwahi.

Na ndoo zililetwa. Mmoja aliileta ikiwa bado na nepi zimelowekwa ndani.

Kisha Afande akaja kwenye ploti yetu. Alisimama akitazama juu, si moto, juu zaidi, cheche zinakopelekwa. Akalowesha kidole. Akaniambia, "Fundi, toa cherehani. Dakika mbili."

"Nyumba yangu haiwaki!"

"Najua."

Basi. Hakuongeza neno. Nilishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, nikatukana matusi ambayo sikujua ninayo. Kijana mmoja alinibeba kiunoni kama gunia. Mwingine akatoa kichwa cha cherehani, meza yake ikabaki. Walianza na paa. Mabati yakang'oka kwa ule mlio, nguzo zikaangushwa kuelekea upande usio na moto, wakavuta kila kitu kwa kamba: mbao, godoro, pazia, vitambaa vya watu, sare 14 za shule. Vyumba vinne vya ploti yetu vililala chini kwa muda ambao mtu anapika chai. Moto ukaja, ukafika ukingoni pa pengo lile. Mabati ya jirani yakawa mekundu, yakajikunja. Wakamwagia mchanga na maji kilichorukia upande wetu. Ukakaa hapo ukinguruma, haukupata cha kula, ukaanza kufa. Nyuma yangu kulikuwa na vyumba zaidi ya 200.

Hakuna aliyekufa usiku ule. Asubuhi watu walinishika mkono kunipongeza. Wakasema nyumba yangu imeokoa mtaa. Nilitamani kumpiga mtu.

Nilichoibiwa kwenye matope usiku ule nakiacha. Kilichoniumiza zaidi kilikuja siku mbili baadaye, misaada ilipoletwa: blanketi, sufuria, unga. Palikuwa na orodha. Aliyekuwa na orodha aliniuliza nyumba yangu iliungua saa ngapi. Nikamwambia haikuungua. Akanitazama kama tapeli, akaita anayefuata. Mwenye ploti naye akasema moto ni wa Mungu lakini nyundo ni ya binadamu, niende kwa binadamu.

Sikwenda. Nililala kwa rafiki, nikashonea chini ya mwavuli. Mwisho wa mwezi nilikuta bati limeegemezwa pale nilipokuwa. Jipya, geji 30, lebo bado imebandikwa. Nilijua ni la nani kwa sababu siku hiyo ndipo pensheni hutoka. Nililiuza siku hiyo hiyo nikanunua unga na uzi. Mwisho wa mwezi uliofuata, la pili. Aliona la kwanza halipo. Hakuuliza, akaliegemeza tu, akapiga saluti fupi kwa mtu asiyemwangalia, akaenda zake. La pili sikuliuza.

Mwezi wa saba tangu moto ule alikuja na bati na koti. Koti lake la soja lilikuwa limechanika kwapa. Angeweza kwenda kwa fundi mwingine, mafundi wamejaa. Nilipokuwa nalishona nikamuuliza bila kuinua kichwa, "Kwa nini yangu?"

Akajibu kama anayesoma ripoti. Aliangalia upepo na mwendo wa moto. Safu ya kwanza tusingewahi kumaliza kuibomoa. Safu ya tatu ilikuwa na bibi aliyepooza na kufuli mbili. "Ploti yenu ilikuwa na watu tisa, wote wenye miguu. Wewe ulikuwa mmoja chumbani."

Kwa hiyo nilichaguliwa kwa sababu ninaweza kutembea. Nilishona kimya kitambo.

"Na kama upepo ungegeuka?"

"Ningekuwa nimevunja nyumba ya mtu bure."

"Halafu ungefanya nini?"

"Ningeleta mabati."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya mitungi. Mtaa wa Sinai uko karibu nasi. Mtu wa Mukuru haambiwi. Jumatatu, 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kwenye bomba linalopita chini ya eneo la viwanda, ikaingia mtaroni, mtaro ukaileta mpaka kwa watu. Petroli Nairobi wakati huo ilikuwa imepita shilingi 110 kwa lita. Watu walichota. Ikashika. Walikufa zaidi ya 100, wengine walirukia mtoni wakiwaka.

Asubuhi ile Afande alikuwa ametoka zamu, amelala. "Nilisikia mitungi ikikimbia," alisema. "Nikadhani maji yamekuja. Nikageukia ukutani."

Aliijua petroli. Miaka 22 jeshini alikaa na madumu yake. Alijua mvuke wake unatambaa chini, unafuata mtaro, unaweza kulikuta jiko la mtu ambaye hata hakuchota. Aliamshwa na mlipuko, akatumia siku nzima kubeba watu juu ya milango iliyong'olewa. Kwamba wangemsikiliza au wasingemsikiliza, hilo alisema halijui na hatalijua. Anachokijua ni ule ukuta, na rangi yake.

Nilimpa koti. Akauliza bei, nikamwambia ni shilingi 50, akalipa. Hatukuwa watu wa kukumbatiana.

Aliendelea kuleta mpaka yakatimia 11. Nilijiunga na kikundi mwezi wa tisa, si kwa ajili ya mapenzi, nilitaka kuhakikisha nyumba nyingine ikibomolewa mwenyewe anaingizwa kwenye orodha. Nilishona vizibao 16 vya kitambaa cha machungwa ili usiku tuonane. Na kazi niliyopewa ikawa ngumu kuliko nyundo: kufuli. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta kibarua Industrial Area, mtoto wa miaka minne amelala, hana wa kumwachia, anafunga kwa nje. Nilianza kwa kuwakemea. Afande akanisikia, akanivuta kando. "Unamwambia asiende kazini?" Nikanyamaza. "Basi mwombe ufunguo." Ndivyo tulivyofanya. Kila anayefunga mtoto akachonga ufunguo wa pili na kuuleta kwangu, maana mimi nashinda mlangoni. Ilianza na minne. Sasa ni 23, inaning'inia kwenye henga ya koti, kila mmoja na kipande cha kitambaa cha rangi yake. Wengine watoto wao wamekuwa wakubwa na hawajachukua, nami sijawaambia.

Mengine nitayapitia haraka. Barabara za lami zilipopasuliwa ndani ya Mukuru baada ya 2020, magari ya zimamoto yakaanza kufika ndani, na Afande alifurahi kwa namna ya mtu aliyepunguzwa kazi. Kuhusu jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 hakuwahi kusema, nasi hatukuuliza. Kuhusu Kroatia alisema kitu kimoja, mara moja, tukirudi kutoka kwenye moto mdogo. Alisema huko walipita vijiji ambamo nyumba moja imebaki majivu na ya pili yake imesimama nzima, maua dirishani, kisha tena majivu. "Moto wa upepo hauruki hivyo," alisema. Akawasha sigara. Ndiyo, alivuta sigara, kishungi alikizima ndani ya mkebe wa maji alioubeba mfukoni, na mwishowe kifua ndicho kilichomchukua. Daktari alilaumu sigara. Sisi tulilaumu moshi. Yeye alisema wagawane.

Wenzake wa chama cha wanajeshi wastaafu walikuja Kitui na medali zao, wakasimama kwenye jua la mchana bila kuyumba. Baada ya maziko bintiye akaniita nyuma ya nyumba, akanipa daftari jeusi. Akasema, baba alisema hili ni la fundi.

Nililifungua kwenye basi, giza likiingia. Ploti kwa ploti, chumba kwa chumba, mwandiko wa kijeshi umenyooka. Wengi waliomo wamehama, kadhaa wamekufa. Nilitafuta ukurasa wangu. Ulikuwa na mistari mitano:

"Fundi. Mtu 1. Miguu mizima.
Funguo 23.
Mabati 11, amekubali 10.
Mlango bado unafungukia ndani.
Nimemwambia mara 3."

Jumatatu nilimwita fundi wa mbao akahamisha bawaba. Sasa mlango unafungukia nje, na kwa vile njia yetu ni nyembamba, unaifunga yote. Jana ulimgonga muuza maji na mkokoteni wake, mitungi sita ikaanguka na kubingirika mpaka kwa jirani, naye akanitukana mimi na ukoo wangu wote.